Treni Isiishie Mwanza

Wanachuo wenzangu, ukitoka Manchira kuja chuo unapanda basi Mugumu. Stesheni ya treni unaikuta Mwanza, mkoa mwingine kabisa. Reli ya Kati ilifika Mwanza mwaka 1928 ikaishia hapo. Ile ya Tanga nayo ikaishia Arusha. Sisi wa Mara tumebaki katikati, na mpango wa kuivuta ya Arusha hadi Musoma tunausikia tu.

Watasema hakuna abiria. Waje stendi wiki ya kufungua vyuo waone watu wanavyogombania siti! Treni ya abiria ya Arusha ilisimama zaidi ya miaka 30, ikarudi 2020. Kumbe wakitaka inawezekana. Wabunge wakija kuomba kura, tuwaulize: Musoma lini?