Magugu ya Uani: Mkono Kwanza, Dawa Baadaye

Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya mji wa Kampala, hauna nafasi ya majani. Umesheheni makatoni, magunia na watu. Walakini wengi wafanyao biashara humo hurejea jioni katika nyumba zenye uwanja wa pasipalamu mbele ya baraza, na huko huwakuta wageni wasioalikwa: kishona nguo, ndago na sangari, ambayo Waganda huiita lumbugu.

Yafaa kulijua kila gugu kwa tabia yake. Kishona nguo huota kwa mbegu. Kikiang'olewa kabla hakijatoa maua, habari yake imekwisha. Sangari hutambaa chini ya ardhi kwa mashina yenye vifundo, na kila kipande kilichokatwa na jembe huweza kuchipua upya. Basi ifukuliwe kwa uma wa shamba baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na shina livutwe zima polepole. Ndago nayo huficha viazi vidogo ardhini. Kuvuta majani yake peke yake ni kazi bure. Mashina na viazi hivyo vianikwe juani hadi vikauke kabisa, wala visitupwe katika shimo la mbolea.

Mwenye kutaka dawa hana budi kuuliza kwanza. Glaifoseti huua gugu na pasipalamu pamoja. 2,4-D huua mimea ya majani mapana, lakini sangari haiidhuru. Dawa inunuliwe kwa mwuzaji aliyeruhusiwa, katika chupa yake yenyewe iliyofungwa na yenye maandishi, kwani biashara hiyo Uganda imewekewa sheria. Kamwe isimiminwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Huiona chupa tu.

Palipong'olewa pasiachwe wazi. Pandikizeni pasipalamu mvua zianzapo, mwezi wa Machi au Septemba, na majani yasikatwe chini ya sentimita 5, maana majani yaliyosongamana huinyima mbegu ya gugu mwanga.

Nusu saa kila juma, kwa mikono ya nyumba nzima, hupunguza haja ya dawa. Na ua usio na sumu ndio ua wa watoto kuchezea.