Tumbo la ukoo si laana

MAJI yakikupwa Jambiani, mama hushuka kwenye mwani wake huku moyo umebaki nyumbani. Mwanawe wa miaka 12 anaharisha wiki ya tano sasa, choo kina damu, na sare ya skuli inampwaya. Dawa ya amiba ameshaimaliza mara mbili. Jioni bibi anasema: “Hilo ni tumbo la kwao. Ami yake naye lilimuandama hivyohivyo mpaka akakonda.”

Kauli kama hiyo husikika katika nyumba nyingi, na mara nyingi ndiyo hufunga mazungumzo. Kumbe hapo ndipo yangepaswa kuanza.

Si kila tumbo linaloandama ukoo limerithiwa. Watu wanaochota maji kisima kimoja na kula chungu kimoja huweza kupata amiba au minyoo pamoja. Lakini yapo maradhi ya uvimbe sugu wa utumbo, ambamo kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Yanajulikana zaidi kwa aina mbili: ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na kolaitisi ya vidonda, inayoshika utumbo mpana. Hayaambukizi, na hayaletwi na jicho la mtu.

Urithi una nafasi yake. Mwaka 2001 watafiti waligundua jini la kwanza linalohusishwa na ugonjwa wa Crohn, liitwalo NOD2. Leo zinajulikana sehemu zaidi ya 200 za vinasaba, na nyingi kati yake huongeza hatari kidogo tu. Alama za NOD2 zinazoonekana kwa Wazungu ni nadra kwa Waafrika, hivyo kutokuwa nazo hakumaanishi kwamba mtoto hana maradhi.

Jambo la kuwatuliza wazazi ni hili: kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua, si ugonjwa wenyewe. Mzazi mmoja akiwa nao, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 hawaupati. Hata pacha wanaofanana kabisa, mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Mazingira nayo yana sehemu yake. Uvutaji wa sigara huongeza hatari ya ugonjwa wa Crohn na kuuzidisha kwa aliye nao.

Hali ni tofauti mtoto anapoanza kuugua akiwa mchanga. Mwaka 2009 watafiti walieleza familia ambazo wazazi walikuwa na undugu wa damu, na watoto wao waliugua vikali mapema mno kwa sababu ya hitilafu ya jini moja tu. Kwa hiyo mume na mke walio binamu wasione haya kumueleza daktari. Haulizi ili awahukumu. Jibu lao humsaidia kujua atafute nini.

Mtoto apelekwe hospitali akiharisha zaidi ya wiki mbili, akitoa damu, akipungua uzito, akiacha kurefuka, au akiwa na homa za mara kwa mara, vidonda vya mdomo visivyopona au maumivu karibu na njia ya haja. Damu nyingi, kizunguzungu au tumbo kuwa gumu ni dharura ya siku hiyohiyo.

Daktari huanza kwa kupima choo na damu. Ikibidi, mtoto hupewa rufaa ya kuingiziwa kamera ndogo utumboni na kuchukuliwa kipande cha nyama cha kupima. Kifua kikuu cha utumbo lazima kichunguzwe pia, maana hufanana sana na ugonjwa wa Crohn, na baadhi ya dawa za kutuliza uvimbe huweza kukichochea. Ndiyo maana si salama kumpa mtoto vidonge vilivyobaki vya ndugu yake.

Maradhi haya kwa kawaida hayaishi kabisa, lakini dawa huyatuliza, na mtoto akarudi skuli na kukua.

Kabla ya safari ya hospitali, basi, mama akae na bibi na kuandika: nani katika ukoo aliugua, akiwa na umri gani, alitoa damu au la, alitibiwa wapi. Karatasi hiyo aende nayo mkononi.