Mgonjwa wa moyo asirudishwe nyumbani bila maelezo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu kuhusu jambo lililonikuta mimi mwenyewe, na ambalo naamini linawakuta wananchi wengine walio kimya kama nilivyokuwa mimi. Jambo lenyewe ni kwamba mgonjwa aliyetibiwa mapigo ya moyo kwa kuchomwa ndani ya moyo hurudishwa kwao bila kuelezwa yatakayompata katika miezi ya mwanzo.

Kwa wasiofahamu, kuna ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpango. Mtu huhisi moyo unakwenda mbio, mara unaruka pigo, na pumzi humwishia kwa kazi ndogo tu. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mara nyingi fujo hiyo huanzia kwenye mishipa inayoleta damu moyoni kutoka mapafuni. Tiba yake ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani hadi moyoni, kisha ncha yake ikachoma kwa joto, au ikagandisha kwa baridi kali, sehemu zinazozunguka midomo ya mishipa ile, ili umeme wa fujo usipate njia. Kifua hakipasuliwi.

Mimi nilipata tiba hiyo mwezi wa Februari 2023, katika hospitali moja kubwa iliyo mbali na hapa Tabora. Watoto wangu walichanga, shemeji yangu aliuza ng'ombe wawili, na wenzangu niliostaafu nao kazi ya reli walipitisha daftari la michango. Siku ya tatu niliruhusiwa, nikapewa mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Maelezo niliyopewa yalikuwa maneno mawili tu: nenda ukapumzike.

Siku ya kumi na mbili, usiku wa manane, moyo ulianza tena. Ulikuwa mwendo uleule nilioufahamu kwa miaka minne. Sikumwamsha mke wangu. Nilikaa gizani nikiwafikiria wale ng'ombe wawili na majina ya watu katika lile daftari, nikaona aibu. Ningewaambiaje kwamba fedha zao zimekwenda bure? Basi nilificha kwa wiki tatu. Nikiulizwa hali, nilijibu kwamba namshukuru Mungu sijambo. Jirani mmoja aliyeniona nikihema alimnong'oneza mke wangu kuwa ugonjwa huu si wa hospitali, na kwamba anamjua mtu huko kijijini.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja aliyenipima presha. Aliponiona nababaika alinibana kwa maswali mpaka nikasema kweli. Akaniambia, "Mzee wangu, kidonda cha mguuni hupona kwa siku ngapi? Sasa wewe una kidonda moyoni, na moyo haupumziki hata dakika moja. Mbona unaukatia tamaa mapema?"

Ndugu Mhariri, maneno yale ndiyo niliyostahili kuambiwa kabla sijatoka wodini. Baadaye nilimwuliza daktari, naye akanieleza vizuri. Sehemu zilizochomwa huvimba kwanza, kisha hujenga kovu, na kovu likikomaa ndipo linapozuia umeme sawasawa. Katika kipindi hicho moyo unaweza kurudia fujo, au kuruka ruka, au kwenda kasi kidogo kuliko zamani hata mtu akiwa amekaa. Kwa miaka mingi madaktari walihesabu kipindi hicho kuwa miezi mitatu. Mwaka 2024 vyama vya wataalamu wa mapigo ya moyo vya Ulaya, Marekani na Asia vilitoa mwongozo wa pamoja unaokihesabu kuwa wiki nane. Fujo ikitokea ndani ya muda huo haihesabiwi kuwa tiba imeshindwa. Wengi hutulia baadaye. Lakini daktari lazima aambiwe, kwa kuwa wako ambao fujo yao huendelea, na baadhi yao huhitaji dawa zaidi au kuchomwa mara ya pili. Kurudia si aibu ya mgonjwa wala ya daktari.

Upande wa pili wa jambo hili unatisha zaidi. Mwenzangu niliyelala naye wodi moja, yeye moyo wake ulitulia tangu siku ya kwanza. Alifurahi sana. Baada ya mwezi mmoja aliona hana sababu ya kuendelea kununua dawa ya kuzuia damu kuganda, akaiacha. Wiki ya saba alipatwa na kiharusi. Leo mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno humtoka kwa shida. Mtu huyu hakuwa mkaidi wala mjinga. Hakuna aliyemwambia kwamba moyo uliotoka kuchomwa unaweza kutengeneza bonge la damu hata kama unapiga vizuri, na kwamba dawa ile haiachwi kabla ya miezi miwili au mitatu kwa mgonjwa yeyote. Baada ya hapo, kuendelea au kuacha huamuliwa na daktari kwa kuangalia umri, presha, kisukari na mengineyo. Haiamuliwi kwa jinsi mtu anavyojisikia.

Kwa hiyo mimi nilikata tamaa bila sababu, na mwenzangu alijiamini bila sababu. Kosa lililotuponza ni moja, nalo ni kutoelezwa.

Najua wapo watakaosema kwamba madaktari ni wachache na wagonjwa ni wengi, hivyo hawana muda wa mazungumzo. Hilo ni kweli, na mimi siwalaumu. Lakini karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi haihitaji muda wa daktari. Huandikwa mara moja, ikapewa kila mgonjwa. Wengine watasema mgonjwa akielezwa mengi ataogopa. Mimi niliogopa kwa wiki tatu kwa sababu sikuelezwa.

Karatasi hiyo iseme kwamba moyo unaweza kurudia, na kwa muda gani. Imfundishe mgonjwa kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kuhesabu mapigo kwa dakika nzima, na kuandika tarehe, saa na idadi. Mimi kama karani wa zamani nilifungua daftari langu, na daktari alipolisoma alisema limemsaidia sana.

Iseme pia habari za dawa. Anayetumia wafarini apimwe damu mara kwa mara ili kipimo cha INR kiwe kati ya 2 na 3 kwa wengi wetu. Mchicha, kisamvu na matembele asiache kula, bali ale kwa kiasi kisichobadilika badilika. Asinunue ovyo diklofenaki wala aspirini kwenye duka la dawa, maana anaweza kuvuja damu. Na anayemeza amiodaroni amweleze daktari kabla ya kutumia dawa mseto ya malaria au kwinini, kwa sababu dawa hizo zikikutana zinaweza kuvuruga mapigo. Katika nchi yenye malaria jambo hili si dogo.

Zaidi ya yote, iandike kwa herufi kubwa dalili za hatari. Kinena kikivimba au kikitoka damu, mgonjwa asingoje kesho. Homa, maumivu ya kifua, shida ya kumeza, kutapika damu au kupooza, vikitokea ndani ya miezi miwili, akimbizwe hospitali na aseme kwamba alichomwa moyoni. Ni nadra sana, lakini huenda pametoboka kati ya moyo na umio. Hapo hupigwa picha ya CT. Kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera kooni kinaweza kumwua. Mganga wa wilayani asiyejua habari ya moyo anaweza kudhani ni malaria au vidonda vya tumbo.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kwamba kila mgonjwa wa aina hii anatoka na karatasi hiyo, pamoja na barua kwa hospitali ya mkoa wake, na kwamba hospitali za mikoa zinapima INR bila kumzungusha mgonjwa. Waajiri nao waelewe kwamba mtu asiye na kovu kifuani anaweza kuwa bado na kidonda ndani.

Kwa wagonjwa wenzangu nasema, msifiche kama nilivyoficha. Nilipowaeleza watu wa lile daftari ukweli wote, hakuna hata mmoja aliyeuliza fedha zake. Shemeji yangu aliuliza kama nimekwisha kunywa dawa za jioni. Mwezi wa nne moyo wangu ulitulia, na dawa ya kuzuia damu kuganda naendelea nayo mpaka leo kwa sababu ya umri na presha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Karani Mstaafu wa Reli,
Tabora.