Kizuri Hakijiuzi

Wiki iliyopita, kwenye semina yetu ya uzamili, nilisema mchoraji ana haki ya kuandika uhakiki. Mwenzangu akanijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Darasa likacheka, mjadala ukaishia hapo. Mimi sijamaliza.

Shahidi wangu ni Telemaco Signorini, aliyezaliwa Firenze, Italia, mwaka 1835. Kijana huyu alipenda fasihi, lakini baba yake, mchoraji wa Mtawala Mkuu wa Toscana, akamwelekeza kwenye rangi. Mwishowe akashika vyote viwili, brashi na kalamu.

Yeye na wenzake wa Caffè Michelangiolo waliuchoka ulaini wa picha za chuo cha sanaa. Walitoka nje, wakajenga picha kwa mabaka ya mwanga na kivuli. Mwaka 1862 gazeti moja likawadhihaki: Macchiaioli, yaani wapaka madoa. Sasa niambieni, picha ingejibuje? Signorini ndiye aliyejibu, gazetini vilevile, na kundi likalibeba tusi lile kama jina lake. Leo makumbusho yanaliandika ukutani kwa fahari.

Mtasema mwamba ngoma huvutia kwake. Kweli. Tena jibu lile hakulitia jina, alilitia herufi X. Hapo simtetei: mwenye maslahi ajitaje. Lakini mhakiki asiyechora naye ana kwake: ana walimu wake, marafiki zake na mazoea ya macho yake. Tofauti ni kwamba yeye hatumuulizi.

Tazama *L'alzaia*, picha yake ya 1864. Wanaume watano wameinama, kamba zimewakaza vifuani, wanavuta chombo kandokando ya mto Arno. Karibu yao amesimama bwana aliyevaa vizuri, yuko na mtoto, wala hawatazami. Mwaka uliofuata Signorini alichora wanawake wagonjwa wa akili ndani ya wodi ya San Bonifazio, Firenze. Mwenye uwezo wa kununua picha ni bwana yule, si wavuta kamba, wala si wanawake wa wodini. Kizuri cha namna hii kitajiuza kwa nani? Ni lazima mtu asimame aeleze kwa nini kitazamwe.

Signorini alisimama. Mwaka 1867 aliandika kwenye *Gazzettino delle arti del disegno*, jarida la rafiki yake Diego Martelli. Mwaka 1893 akatoa kitabu cha kumbukumbu za mkahawa ule na watu wake. Asingeandika, sehemu kubwa ya habari zao ingebaki mikononi mwa waliowacheka.

Methali ile ni tamu kwa mwenye duka mjini, ambaye wateja hupita mlangoni kwake kila siku. Wewe unayechora, unayepiga picha, unayetunga, andika pia. Eleza unachokifanya na unachokipinga. Ila usijifiche nyuma ya X. Weka jina lako, tubishane.