Ubongo wa Bibi wa Lizaboni Usipimwe kwa Kalamu

Mwanamke mwenye umri wa miaka 75 anayeishi Lizaboni, mjini Songea, alifikia umri wa kuanza shule kabla ya Uhuru wa 1961. Shule za Kusini zilikuwa chache, na nafasi ilipopatikana mara nyingi alipewa kaka yake. Pengine hajawahi kushika kalamu, lakini anajua bila daftari nani anadaiwa nini katika kikundi chake cha vikoba. Akifika kliniki na kuagizwa anakili pembetano mbili zilizopishana, kisha atoe saba kutoka mia moja mara tano mfululizo, atashindwa. Kushindwa huko kutaandikwa katika faili kuwa ni dalili ya ubongo uliochakaa.

Kipimo hicho chenye alama 30 kilichapishwa Marekani 1975, na kwa watu waliosoma kina manufaa. Tatizo ni kukihamisha kama kilivyo, kisha kudai kwamba akili za wanawake, au za kabila fulani, huzeeka mapema. Kinachopimwa hapo, kwa sehemu kubwa, ni miaka ya darasani.

Hata pale ambapo tofauti baina ya jamii ni za kweli, nasaba pekee haitoshi kuzieleza. Utafiti ulioanza 1992 uliwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya 2001 yalionyesha kuwa kwa mwaka asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan waliopata umri wa miaka 65 na zaidi walipatwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri; Indianapolis ilikuwa asilimia 3.24. Asili ya jamii hizo inakaribiana. Mazingira, chakula na magonjwa ya mishipa ya damu ndivyo vilivyotofautiana sana. Kurithi kuna nafasi yake, lakini hata kinasaba cha APOE4, kinachoongeza hatari waziwazi kwa Wazungu, kilionekana kuwa na nguvu ndogo kwa Wayoruba.

Asitokee mtu akahitimisha kwamba Mwafrika amekingwa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa wazee wa miaka 70 na zaidi uliochapishwa 2013 ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.4, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Huko huko Hai kilijaribiwa kipimo kisichohitaji kusoma: mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno kumi aliyosomewa, hupanga njiti za kiberiti kwa mfano alioonyeshwa. Kipimo cha namna hiyo ndicho kinachostahili kuwa mezani katika zahanati za Ruvuma.

Kuhusu jinsia, wanawake huishi muda mrefu zaidi, na umri ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote. Hilo peke yake hujaza kliniki wanawake. Lakini lipo jambo la nyumbani lisiloonekana katika takwimu. Babu anayepakuliwa chakula, kufuliwa na kukumbushwa dawa anaweza kupoteza kumbukumbu miaka kadhaa pasipo mtu kushtuka. Bibi akisahau chungu jikoni mara mbili, mtaa mzima unajua, na pengine wanaanza kunong'ona uchawi.

Kwa hiyo swali la kwanza, baada ya shikamoo, lielekezwe pia kwa anayeishi na mzee: mwaka jana alikuwa akifanya nini ambacho leo hakiwezi? Mzee alinganishwe na yeye mwenyewe wa jana. Apimwe shinikizo la damu na sukari, masikio na macho yake yachunguzwe, dawa anazotumia zikaguliwe, na huzuni ya kufiwa isichukuliwe kuwa ni usahaulifu. Na aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku chache, asiambiwe ni uzee: huenda ni malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo, naye anahitaji hospitali siku hiyo hiyo.