Jani Moja Lazaa Bustani

Mama akitaka muhogo hatafuti mbegu. Hukata kijiti, akakifukia, na mizizi hutoka. Je, ndugu msomaji, umejiuliza ni nani akiambiaye kijiti kile: hapa ota mzizi, hapa ota jani?

Ndani ya kila mmea mna homoni, vitu vidogo mno vipitishavyo amri. Kwa habari yetu mbili zatosha: oksini, ihimizayo mizizi, na sitokinini, ihimizayo machipukizi. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa Marekani, Skoog na Miller, walionyesha katika kiini cha shina la tumbaku ya kuwa shauri lote ni kipimo. Oksini ikizidi, mizizi huota. Sitokinini ikizidi, machipukizi huota. Zikikaribiana, hutokea donge tu lisilo na umbo.

Kwa elimu hiyo wakulima wa maua huzidisha ua zuri la zambarau liitwalo Saintpaulia. Jani huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, hukatwa vipande vidogo, na kuwekwa chupani juu ya rojo la mwani lenye sukari, chumvi na homoni. Baada ya majuma kadhaa machipukizi hutokeza. Huhamishiwa penye oksini yapate mizizi. Kisha miche huzoezwa hewa ya nje polepole, kwa maana majani yaliyolelewa chupani hunyauka upesi.

Na ua hilo ni la Afrika! Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta huko Usambara, katika Tanzania ya leo, akapeleka mbegu zake Ulaya. Sasa lapamba madirisha ya watu wa mbali, lakini kwao misitu imekatwa, na aina kadhaa za jamii yake zimo hatarini kupotea kabisa.

Labda mtu atasema: «Si neno, chupa zitatuzalia mengine.» La, hasha! Watoto wa jani moja kwa kawaida hufanana na mama yao kwa kila jambo. Ugonjwa umwuao mmoja waweza kuwaua wote. Chupa huzidisha kile ilichopewa tu. Ndugu zake wenye tabia mbalimbali wamo msituni, na wakipotea hakuna homoni iwezayo kuwarudisha.

Basi tuisifu elimu hii, wala tusichome shamba la mbegu kwa sababu ghala imejaa.