Shabaha Mbovu ni Hatari kwa Wapiga Mishale

Kuvuta upinde ni zoezi zuri la mgongo na mabega. Lakini shabaha ya sponji huchakaa upesi pale katikati, kwani ndipo kila mtu hulenga. Ikishalegea, mshale hupenya hadi upande wa pili, na huko huenda amesimama mtoto au mpita njia. Ukiirudisha dukani unaonyeshwa maandishi ukutani: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Huo ni ujeuri! Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao, na fidia akiumizwa na kasoro zake. Yafaa wenye maduka wauze shabaha ambazo sehemu ya katikati hubadilishwa, na sehemu hizo wawe nazo. Kwa sasa, ukiona ncha imetokeza nyuma, acha kupiga.